Kupanda kwa Mtakatifu Bernardo Wakati wa Theluji

Sisi tuliozaliwa upande wa Beni tumezoea kuitazama theluji kwa mbali. Mawingu yakiondoka asubuhi, kilele cha Ruwenzori hung'aa cheupe, kisha hufichwa tena. Lakini kutembea ndani yake ni jambo lingine, nami nililipata Uswisi, mwezi wa pili, nilipopanda na wenzangu watatu na kiongozi wetu mpaka nyumba ya wageni ya Mtakatifu Bernardo Mkubwa.

Nyumba hiyo imesimama karibu mita 2,470 juu ya bahari, mpakani mwa Italia. Mtakatifu Bernardo, shemasi mkuu wa Aosta, aliianzisha karibu mwaka 1050, maana wasafiri walikuwa wakifa njiani kwa baridi na kwa mikono ya wanyang'anyi. Tangu 1964 magari hupita katika tuneli chini ya mlima, na barabara ya juu hufungwa majira ya baridi. Basi, atakaye kufika wakati huo hupanda kwa miguu, kilometa sita hivi.

Tulifunga raketi, vyombo vipana vya kuvaliwa chini ya viatu ili mguu usizame. Nilitembea kama bata, wenzangu wakacheka. Lakini furaha iliyoje! Theluji kavu hulia chini ya mguu kama unga wa muhogo ukibanwa mkononi. Na ule utulivu! Kwetu hata usiku wa manane vyura na nyenje huimba. Pale sikusikia ila pumzi yangu mwenyewe.

Tukafika bonde liitwalo Combe des Morts, maana yake Bonde la Wafu. Kiongozi akatuamuru tupite mmoja mmoja, mbali mbali, ili theluji ikiporomoka isituzoe sote. Utulivu ule ule niliousifu ukanitisha. Nilikuwa nimevua glavu nipige picha (upumbavu wa mgeni!), na sasa vidole havikusikia kitu. Ukungu ukashuka. Nikaufuata mti uliosimikwa njiani, kisha mwingine, huku nikisali Salamu Maria bila kujua ni ya ngapi.

Ghafula, ukuta mrefu wa mawe. Mlango haukufungwa. Padri mmoja wa Wakanoni wa Mtakatifu Agustino, walinzi wa nyumba hiyo, alitupa chai ya moto kabla hajatuuliza majina. Sijapata kunywa chai tamu kama ile, wala siamini kwamba ingekuwa tamu hivyo bila vidole vile kuuma.

Niliulizia mbwa mashuhuri. Kumbe majira ya baridi wako chini, Martigny. Barry, ambaye husimuliwa kwamba aliokoa watu zaidi ya 40, alikufa mwaka 1814. Ngozi yake imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Bern.

Baada ya sala ya jioni tulikuwa tumekaa mezani. Mlango ukalia, wakaingia watu wawili, mabega meupe kwa theluji. Padri akaacha supu yake, akainua tena birika.