Ujuzi Bila Daftari

Nilipoanza kufundisha useremala katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, maktaba ya karakana yetu ilikuwa kichwa cha fundi mmoja mzee. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Uswidi vilivyomvutia Mwalimu Nyerere, ili mtu mzima apate stadi za kumfaa kijijini kwake. Mwanafunzi alijifunza kwa kumtazama mzee, nasi walimu vilevile. Ukikwama, unamfuata chini ya mwembe.

“Shikamoo, mzee. Mashine inachana mbao.”

“Marahaba, mwalimu. Igeuze mbao, ufuate nyuzi zake.”

Alipostaafu tulimuaga kwa pilau. Muhula uliofuata mashine ya kuranda ikaanza kuacha mawimbi kwenye mbao. Tuliifungua mara tatu, hatukuona kitu. Wanafunzi wakarudia randa za mkono kwa wiki sita, hadi nilipopanda basi kumfuata kwake. Kumbe kitako cha kisu kimoja kililika siku nyingi, naye alikuwa akikiinua kwa kipande cha bati la kopo. Siku tuliposafisha mashine, bati lile tulilifagia pamoja na maranda.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali. Nilinunua kauntabuku, nikaifunga kwa kamba kwenye meza ya karakana. Kila atakayetengeneza kitu aandike kilichoharibika, alichofanya, tarehe na jina. Wenzangu waliona hiyo ni kazi ya mtu wa stoo, na kurasa zikakaa tupu. Aliyeanza kuandika ni mwanafunzi, mama kijana: “Mninga wa mzigo huu bado mbichi. Viungo vya meza vimeachia.” Darasa lililofuata likasoma, likasubiri mbao zikauke.

Sasa tuna kundi la WhatsApp. Video inakusikilizisha mlio wa mashine, jambo ambalo karatasi haiwezi. Lakini mwalimu mmoja alipohamishwa, video zake ziliondoka na simu yake. Tangu hapo kila Ijumaa tunanakili ya simuni kwenye kauntabuku. Tumefika ya nne.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa ile ya kwanza nimebandika kipande cha bati, na chini yake maelezo kwa mwandiko wa mzee mwenyewe. Mwalimu mgeni huusoma ukurasa huo kabla hajakabidhiwa ufunguo wa karakana.