Jumba la Sinema Lililogeuka Duka

Mkaa bure si sawa na mtembea bure. Sisi wa Mulanda tukitaka mambo ya mjini huenda Tororo. Lakini mimi nilibahatika kufika hata Unguja, na jambo moja nililoliona huko napenda kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu, wanafunzi wa leo na wale waliotutangulia.

Karibu na soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, palikuwa na jumba la sinema jina lake Empire. Nililikuta limekwisha geuzwa duka. Mzee mmoja aliyekuja kununua mchele alinionyesha, kati ya rafu, mahali palipokuwa kiti chake.

Mji ule ulikuwa na sinema tangu zamani. Royal ilifunguliwa mwaka 1921; baadaye ikaitwa Majestic, ikaungua, ikajengwa upya mwaka 1955. Ilikuwapo pia Cine Afrique. Jumapili jioni watu walivaa nguo zao nzuri, wakaenda na jamaa zao kutazama filamu za Kihindi. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa mno, hata na wasiojua neno moja la Kihindi. Tajiri na mchukuzi walicheka na kulia katika giza moja.

Je, ni nini kilichoziua? Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilizichukua sinema. Baadaye fedha za kigeni ziliadimika, na filamu mpya zikawa chache. Miaka ya 1970 ikaja televisheni, kisha video, kila mtu akatazama kwake.

Wako wasemao kwamba hakuna hasara, maana mchele ni bora kuliko picha. Ni kweli, tumbo halishibi filamu. Lakini dukani kila mtu hununua chake akaenda zake. Na hamu ya kutazama pamoja haijafa: hapa Uganda vijana hujazana katika vibanda vya video, msimulizi akiwafasiria maneno.

Basi, ndugu zangu, waliokaa katika viti vile sasa ni wazee, na kila mji una jumba lake lililobadilika. Waulizeni babu na bibi zenu lilikuwa nini kwanza, mkayaandike majibu yao. Mali bila daftari hupotea bila habari.