Njia Moja, Wapitaji Wengi: Matembezi katika Vilima vya Ngong

Familia nyingi za pwani hufika Nairobi kwa arusi, kwa matibabu au kuwapeleka vijana vyuoni, kisha zikarejea bila ya kuona kitu ila barabara zilizojaa magari na maduka ya Eastleigh. Ilhali kiasi cha kilomita 25 tu kutoka katikati ya jiji, upande wa kusini magharibi, vimesimama vilima vya Ngong, ambavyo mwenye miguu miwili na subira kidogo aweza kuvipanda na kushuka kwa siku moja. Likizo ya Desemba tulivipanda, watu tisa wa nyumba moja: bibi yetu, kina mama watatu, baba mmoja na watoto wanne.

Jina la Ngong latokana na lugha ya Kimaasai, na maana yake yahusu chemchemi ya kifaru. Vifaru hawapo tena, lakini Wamaasai wapo, na ng'ombe wao wapo. Mji wa Ngong umo katika kaunti ya Kajiado, na kutoka Nairobi mtu hupanda matatu ya nambari 111 inayopita Karen. Karen ndiko alikoishi Karen Blixen, mwandishi wa Denmark aliyelima kahawa chini ya vilima hivi hadi mwaka 1931. Wasomaji wetu huenda wasijue kwamba aliyeisimamia nyumba yake miaka yote hiyo alikuwa Mwislamu wa Kisomali, Farah Aden, ambaye Blixen alimwandika kwa heshima kubwa.

Langoni mtu hulipa ada kwa Idara ya Misitu, na mwenye kutaka askari wa kumsindikiza humkodi hapo hapo. Sisi tulimkodi, kwa kuwa tulikuwa na watoto, na twawashauri wengine wafanye vivyo. Mara tu baada ya lango huonekana mitambo ya upepo ya kuzalisha umeme. Ya kwanza iliwekwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na leo imekuwa mingi, mirefu kuliko mnara wowote wa msikiti tuujuao. Watoto walisimama chini yake wakisikiliza mapanga yakikata hewa, na ilitubidi tuwaite mara tatu.

Kutoka hapo njia hufuata mgongo wa vilima, ikipanda na kushuka kilele baada ya kilele. Kilele kirefu kabisa chafika mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, na mtu aliyezaliwa Kibokoni au Likoni huihisi tofauti hiyo kifuani. Lakini kila apumzikapo huona kwa nini amepanda. Mashariki limelala jiji lote la Nairobi, majengo yake yakiwa madogo kama viberiti. Magharibi ardhi huporomoka ghafla kuingia Bonde la Ufa, uwanda wa rangi ya kahawia usio na mwisho, wenye vilima vingine vilivyofifia kwa umbali.

Lakini lililotushughulisha zaidi ya mandhari ni njia yenyewe. Ni moja, na wanaoitumia ni wengi. Tulikutana na vijana wakifanya mazoezi ya mbio, waendesha baiskeli wenye kofia ngumu, wanafunzi waliokuja na mwalimu wao, wapenzi wa kupiga picha, na wachungaji waliokuwa wakiwahamisha ng'ombe na kondoo kutoka mteremko mmoja hadi mwingine. Wengine wamekuja kustarehe. Wachungaji wako kazini.

Katika njia za namna hii duniani ipo desturi inayojulikana: mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu, na wote wawili humpisha mnyama. Anayeshuka humpisha anayepanda, kwa kuwa anayepanda akisimama huona taabu kuanza tena. Tuliiona ikitendeka. Kundi la ng'ombe lilipotokea mbele yetu, waendesha baiskeli wanne walishuka, wakasogea majanini wakanyamaza hadi ng'ombe wa mwisho alipopita. Mchungaji, mzee mwenye shuka jekundu, alituamkia, akamweleza mdogo wetu kwa upole kwamba asikimbie wala asipige kelele, kwani ng'ombe akishtuka juu ya mteremko aweza kuvunjika mguu, na huo ni mtaji wa nyumba nzima.

Tuliona pia kinyume chake. Pikipiki mbili zilipita kwa kishindo, vumbi likatufunika, na kondoo wakatawanyika mteremkoni. Mzee yule alichukua muda mrefu kuwakusanya. Waliompita hawakugeuka kutazama.

Tangu madrasa tumefundishwa kwamba njia ina haki zake: kuinamisha macho, kurudisha salamu, kutoudhi mpitaji, na kwamba kuondoa chenye kudhuru njiani ni katika imani. Wengi wetu tumeyahifadhi haya kwa ulimi. Pale mlimani watoto waliyaona kwa macho, yakitendwa na watu wa kila dini, na wakaona pia hasara ya kuyaacha.

Kina mama walikwenda na wasiwasi kwamba mabuibui yao yangekodolewa macho. Hawakukodolewa. Walisalimiwa kama wote, nao wakasalimu. Bibi yetu ana sukari, na daktari amemwagiza atembee kila siku. Lakini katika vichochoro vya mtaa wetu, baina ya bodaboda na mikokoteni, mtu mzima hana pa kuweka mguu kwa amani. Ngong alitembea saa nzima, akapita vilele viwili, na hakuna aliyempigia honi wala kumwambia asogee. Tulikwenda kwa mwendo wake, kwani kwenda mbio si kufika. Alipochoka aliketi na mmoja wa kina mama, nasi wengine tukasonga mbele kidogo kisha tukarudi.

Adhuhuri na Alasiri tuliziswali kwa kukusanya na kupunguza, kando ya njia ili tusimzuie mpitaji. Kibla pale ni karibu kaskazini kamili, kama ilivyo kwetu Mombasa, hivyo tuliielekea mitambo ya upepo tuliyoiacha nyuma. Maji ya udhu tulibeba wenyewe, na tuliyatumia kwa uangalifu.

Kwa familia itakayopenda kwenda, haya yatafaa. Ondokeni asubuhi, kwani mchana jua ni kali na jioni baridi huingia upesi. Vaeni viatu vilivyofunika mguu, na mitandio ibanwe kwa pini, maana upepo wa kule hauna mchezo. Suruali ndani ya buibui humpa mwanamke raha ya kupanda. Maji yatiwe katika chupa za chuma au thermos, kwani tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na hifadhi za Kenya. Takataka zote zirudi nanyi. Asiyeweza mgongo wote wa vilima, ambao ni kiasi cha kilomita 10 hadi Kona Baridi, arudi baada ya kilele cha kwanza wala asione haya.

Na kabla ya kuvuka lango, wakumbusheni watoto jambo moja: wakisikia kengele za ng'ombe nyuma yao, wasimame pembeni.