Pistoni Moja, Ringi Mbili

Baba mdogo alikuwa bwana shamba huko Njombe, na vijijini alizunguka na Yamaha DT 125. Miaka ya 1980, pikipiki ikianza kuchoka mlimani, hakuna aliyepata wasiwasi. Fundi alitandika gunia chini ya mti, akafungua hedi, akavuta silinda, na kabla jua halijawa kali kila kitu kilikuwa wazi mbele yetu. Injini ya mipigo miwili kama hiyo haina valvu kwenye hedi wala kemshafti. Matundu ya kuingiza petroli na kutoa moshi yamo kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo huyafungua na kuyafunga ikipanda na kushuka.

Nilichopenda zaidi ni kumtazama fundi akivalisha ringi. Kwenye kila mfereji wa pistoni pana pini ndogo, na ncha mbili za ringi lazima zikutane hapo. "Ikizunguka, mwanangu, ncha itanasa kwenye tundu na ringi itakatika," alinielekeza, huku ameziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi ili kilipu isidondokee ndani.

Silinda ikilika, mkerezaji wa mjini aliipanua robo milimita, ikavalishwa pistoni ya saizi inayofuata. Kutoka milimita 56 za kiwandani ilipanda robo kwa robo hadi 57. Gharama ilikuwa pistoni, ringi, gasketi na ujira, na mshahara wa bwana shamba uliimudu.

Kisha zikaja bodaboda za mipigo minne kutoka India na China. Zinakula mafuta kidogo, na anayetafuta riziki kwa abiria ana haki ya kuzichagua. Ila maduka ya vipuri yalifuata wateja wake.

DT ile sasa ni yangu, na juzijuzi ilinoki. Kuifungua bado ni kazi ya asubuhi moja. Lakini silinda ilishafika 57. Imebidi ivalishwe silivu mpya na kukerezwa upya hadi 56, na pistoni nimeiagiza nje. Kwa fedha hizo ningenunua silinda ya bodaboda aina ya Boxer pamoja na pistoni yake, na chenji ibaki.

Nimelipa, na ningelipa tena, kwa sababu injini ninayoielewa hadi pini ya ringi siwezi kuiuza kwa kilo. Kwa sasa nachanganya mililita 50 za oili ya tu-tii kwa kila lita ya petroli, na siibebeshi mzigo mpaka ringi zikae.