Gurudumu la Sumaku na Kahawa ya Mama

Tamaa ya kupata nishati isiyo na gharama si jambo la kuchekwa, hasa kwetu sisi watu wa Bukoba, ambao kwa miaka mingi umeme wetu umekuwa ukitoka Uganda na ambao twaijua vyema adha ya kukaa gizani. Kijana anayewaza mashine itakayozunguka yenyewe bila mafuta wala bili, anawaza haja za nyumba yake. Kwa hiyo mpwa wangu, ninayeishi naye hapa Bilele, alipoanza kufungua spika mbovu ili atoe sumaku zilizomo, sikumzuia.

Alichukua gurudumu la baiskeli, akapachika sumaku kwa mshazari kuzunguka ukingo wake, kisha akawa anasogeza sumaku nyingine pembeni kwa mkono. Gurudumu likazunguka, na nyumba nzima ikashangilia. Akaamini kwamba kilichosalia ni kununua sumaku kali zaidi, zile za neodimiamu. Fedha hakuwa nazo. Akamwendea mama yake, dada yangu aliye mjane kule Muleba, akamwomba auze kahawa ingali maua mtini, kwa ule mtindo uitwao butura, ambapo mnunuzi hutoa fedha mapema na kujitwalia mavuno kwa bei ya kutupa. Kahawa hiyo ndiyo ada ya mabinti wawili.

Dada akanipigia simu. "Kaka, mtoto anasema tutakuwa na umeme wetu wenyewe. Nifanyeje?"

Nilimwomba asiuze chochote mpaka tupime.

"Lakini mjomba, umeliona likizunguka kwa macho yako," kijana alilalamika.

"Nimeliona, mwanangu. Nimeuona na mkono wako pia."

Tuliifunga sumaku ya mkononi kwenye kigingi. Gurudumu likajivuta kidogo, likayumba mbele na nyuma, likatulia. Kisha tukatafuta msukumo usiobadilika: tulizungusha uzi kwenye gurudumu, tukafunga jiwe mwishoni mwake, tukaliachia lianguke kutoka kimo kile kile kila mara. Tukahesabu mizunguko, mara kigingi kikiwa karibu, mara kikiwa mbali. Kila tuliporudia, gurudumu lenye jirani wa sumaku lilisimama mapema kuliko lilipoachwa peke yake.

Sababu yake si ngumu kueleweka. Sumaku inayolivuta gurudumu linapokaribia ndiyo hiyo hiyo inayolizuia linapotaka kuondoka. Inachotoa upande mmoja hukidai upande wa pili, na msuguano hutwaa sehemu yake juu ya hapo. Sumaku yenye nguvu maradufu hutoa maradufu na kudai maradufu. Mkono uliokuwa ukienda na kurudi ndio uliokuwa injini, na nguvu zake zilitokana na chakula cha mchana.

Mpwa wangu hakuwa wa kwanza kuishika njia hii. Mwaka 1269 Mfaransa Petrus Peregrinus aliandika waraka mashuhuri juu ya sumaku, na ndani yake akaeleza gurudumu lililokusudiwa kuzunguka daima. Katika kitabu cha mwaka 1648, Mwingereza John Wilkins alijadili sumaku iliyowekwa juu ya mteremko ili ipandishe gololi ya chuma, gololi itumbukie tundu karibu na kilele, irudi chini na kupanda tena. Tatizo ni kwamba sumaku yenye nguvu za kuipandisha gololi haitairuhusu itumbukie.

Mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza kwamba hakitachunguza tena mashine yoyote ya mwendo usiokoma. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba utafutaji huo ulikuwa umefilisi zaidi ya familia moja, na mafundi ambao wangeweza kuleta manufaa makubwa walimaliza humo mali, muda na vipaji vyao. Niliposoma hayo nilimkumbuka dada yangu na miti yake ya kahawa.

Linganisha na al-Jazari, fundi aliyewatumikia watawala wa Diyarbakir na kukamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206. Mitambo yake ya kuinua maji ilistaajabisha, lakini kila mmoja ulikuwa na chanzo chake cha nguvu, ama maji yanayoporomoka ama mnyama anayetembea. Hapa mkoani kwetu, mitambo ya Rusumo ya megawati 80, inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, nayo huendeshwa na maporomoko ya mto Kagera.

Wazazi wenzangu, kijana wa namna hii asivunjwe moyo, wala asipewe fedha za ada. Mpeni vitu chakavu, kisha mtakeni aonyeshe vipimo mbele ya familia, mkono ukiwa mbali na mashine. Na mgeni akija kuwauzia mashine ya aina hiyo, mdaini vipimo hivyo hivyo.

Kahawa ya dada iliiva, ikavunwa na kuuzwa kwa wakati wake, na mabinti wako shuleni, alhamdulillah. Mpwa wangu ameunda dainamo kwa sumaku zile zile za spika. Amegundua mwenyewe kwamba balbu ikiunganishwa pedali huwa nzito, na ikitolewa huwa nyepesi. Siku hizi anauliza habari za kijito kilicho chini ya kibanja cha mama yake: maji yake huanguka kutoka kimo gani, na kiangazi hubaki kiasi gani.