Sista, Shika Kichwa

Tulimzika Mzee ng'ambo ya Kiminini, na wasifu wake uliposomwa kazi yake ilimalizwa kwa sentensi moja: alikuwa dereva wa hospitali hadi alipostaafu. Kisha msomaji akaingia kwenye mambo ya kanisa, mashamba na wajukuu. Binti wa kaka yangu alikuwa ameketi kando yangu chini ya hema. Ana cheti cha EMT, yaani mhudumu wa dharura wa ambulensi, amefuzu vizuri. Akaniinamia akaninong'oneza, "Shangazi, mbona unalia hivyo? Si alikuwa dereva tu?"

Nikamwambia tutaongea nyumbani. Nyumbani akauliza tena, safari hii kwa udadisi wa kazi yake: ndani ya ambulensi yenu, EMT alikuwa nani? Nikamjibu hakukuwa na EMT. Akashangaa. Sasa mgonjwa alikuwa anahudumiwa na nani njiani?

Kwa ajili ya swali hilo ninaandika.

Nimejaribu kukumbuka ni mwaka gani mimi na Mzee tulianza kufanya kazi pamoja. Barua yangu ya kuajiriwa kama muuguzi inasema 1987, na nilipofika Mzee alikuwa pale zamani, tena Landrova, ambulensi yetu, ilikuwa imeshabadilishwa injini. Mwenzangu mmoja anashikilia kwamba gari hilo lililetwa mwaka wa njaa ya 1984. Mwingine anasema ni kabla ya hapo. Tuliache hapo.

Hospitali yenyewe ilikuwa upande wa Bungoma, kwenye barabara inayoteremka kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye. Barabara hiyo ndiyo iliyotulisha ajali. Daraja la Kamukuywa lilijulikana na kila tingo wa matatu, na bado linajulikana. Na hapo palikuwa na jambo ambalo vijana wa enzi ya kaunti hawalifahamu: Kitale ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa, Bungoma ilikuwa Mkoa wa Magharibi. Kwa maandishi, majeruhi wa Kiminini wa kupelekwa hospitali ya mkoa alitakiwa kwenda Nakuru, na wa Kamukuywa, mwendo mfupi tu chini, alitakiwa kwenda Kakamega. Mzee hakuwahi kumuuliza mtu aliyevunjika nyonga yeye ni wa mkoa gani. Aligeuza gari kuelekea palipo karibu na penye daktari wa upasuaji usiku huo. Nani yuko zamu, hospitali gani ya misheni ina damu kwenye friji, wapi jenereta imekufa, yote hayo aliyajua kwa kuulizana na madereva wenzake kwenye vituo vya petroli. Simu ya hospitali ilikuwa moja, ofisini, na ofisi ilifungwa saa kumi na moja jioni.

Ile Landrova nikifumba macho naisikia puani. Dizeli, Dettol, turubai la machela lililofuliwa na halikukauka, na blanketi jekundu lenye chumvi ya jasho la watu wengi. Halafu, tukiwa njiani kwenda Kakamega, harufu ya Panpaper, kiwanda cha karatasi. Asiyewahi kupita Webuye kiwanda kikifanya kazi siwezi kumweleza akaelewa sawasawa. Ilikuwa kama mayai yaliyooza yakichemshwa pamoja na kabichi, ilikuwa mchana na usiku, na abiria wageni kwenye mabasi walifunga madirisha wakalaumiana. Kwetu sisi harufu ile ilikuwa alama ya njia. Usiku wa ukungu, milima ya Chetambe haionekani, taa za gari zinafika hatua chache tu, Mzee alikuwa akigeuza kichwa kidogo na kumwambia mgonjwa, "Umeisikia hiyo? Ni Webuye. Kama umeisikia basi bado unapumua." Wagonjwa walicheka. Mwenye maumivu akicheka, pumzi inashuka, misuli inalegea, nami napata mshipa wa kuchomeka dripu. Hayo hatukufundishwa darasani.

Machela yetu ilikuwa ya turubai na miti miwili. Kwenye ajali kubwa haikutosha, kwa hiyo watu waling'oa mlango wa kioski. Miguu iliyovunjika Mzee aliifunga kwa boksi la Kimbo. Alikuwa na maboksi kadhaa chini ya kiti, ameyakata mapema: marefu ya paja, mafupi ya mkono, yamekunjwa pande tatu kama mfereji ili kiungo kilale ndani bila kuyumba. Alifunga kwa vipande vya leso juu ya mvunjiko na chini yake, kamwe si juu ya jeraha lenyewe, kisha akabonyeza ukucha wa kidole cha mguu aone kama damu inarudi. Damu ikichelewa, alifungua akaanza upya, hata kama watu wanapiga kelele kwamba tunachelewa. Alijifunza bandeji ujanani kwa St John Ambulance, shirika ambalo liko nchini tangu 1928, enzi ambapo wanachama wake walisimama na mikoba yao kwenye maonyesho ya kilimo. Mengine alijifunza kwa macho na kwa huzuni.

Kwa mtu aliyeanguka kutoka juu au aliyerushwa na gari, amri ilikuwa moja: "Sista, shika kichwa." Nilipiga magoti nyuma ya kichwa cha mgonjwa, viganja pande zote za masikio, na sikuachia mpaka Mzee amalize kuweka taulo zilizoviringishwa. Kisha aliendesha polepole hadi ndugu wakatukana. Mgongo haukimbizwi, alisema. Nilikuja kusoma miaka mingi baadaye, katika kozi ya siku chache, kwamba ndivyo inavyotakiwa.

Ndugu zangu wauguzi wanajua upande wa pili wa habari hii. Kila mara niliposhika kichwa cha mtu kwenye Landrova, wodi niliyoitoka ilibaki na mwenzangu mmoja. Usiku mmoja tulirudi alfajiri tukakuta mama amejifungua peke yake, mtoto hakulia. Aliyekuwa zamu alikuwa upande wa watoto akimshughulikia mwenye degedege. Hakuna aliyekosa. Palikosekana mtu mmoja, mtu ambaye kazi yake ingekuwa barabara, ili muuguzi abaki wodini.

Na mtu huyo alishabuniwa duniani. Mwaka 1967, katika mtaa wa watu weusi wa Hill District mjini Pittsburgh, Marekani, vijana wasio na ajira walianza kufundishwa na Daktari Peter Safar kuhudumia wagonjwa mahututi ndani ya gari. Huduma yao iliitwa Freedom House. Baadaye mwalimu wao alikuwa Daktari Nancy Caroline, na kutokana na kazi ile akaandika kitabu ambacho wanafunzi wa fani hii wanakisoma mpaka leo. Huduma ile ilifungwa 1975, jiji likachukua kazi. Lakini mama huyo, nilipojua nilishtuka, alikuja Kenya miaka ya 1980 akafanya kazi na madaktari warukao wa shirika la AMREF. Yaani mwandishi wa kitabu alikuwa juu ya vichwa vyetu kwenye ndege, na huku chini Mzee anakata boksi la Kimbo. Natamani mtu angewakutanisha kwa saa moja tu.

Hapa Kenya, sheria ya wauguzi ilikuwepo tangu 1983. Maafisa wa kliniki walipata yao 1988. Kila mmoja akawa na baraza, rejista, leseni na ngazi za kupanda. Kada ya barabarani ilikaa bila sheria yake yenyewe ya Bunge. Mzee alipanda cheo kwa kipimo cha udereva: miaka bila ajali. Maisha aliyookoa hayakuwa na safu kwenye fomu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Bodaboda zikajaa kuanzia 2008 hivi, na mivunjiko ikawa ya kila siku. Panpaper ikafungwa 2009. Kiwanda kilikuja kufufuliwa na wengine, lakini harufu ile ya zamani haikurudi kama ilivyokuwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ikasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mwaka huohuo Msalaba Mwekundu ukaanzisha kampuni yake ya ambulensi. Serikali za kaunti zikaja 2013, ambulensi zikawa kazi yao, zikapakwa rangi. Sheria ya Afya ya 2017 ikataja wazi kwamba huduma kabla ya kufika hospitali ni sehemu ya haki hiyo. Sera ya huduma za dharura ikatolewa ya 2020 hadi 2030. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, ina vyuo Kitale, Bungoma na Webuye. Vyuo vya binafsi vikafunguliwa orofani juu ya maduka.

Hapo ndipo ninapokasirika. Binti yetu alisoma kwenye kimojawapo. Karo ilitoka kwa ng'ombe wawili wa baba yake. Doli la kufanyia mazoezi ya kukanda kifua lilikuwa moja kwa darasa zima. Kadi ya kuhuisha moyo na mapafu inaisha kila baada ya miaka miwili, na anailipia mwenyewe. Amejitolea bila mshahara karibu mwaka mzima, kwenye gari jipya lenye oksijeni na ubao wa mgongo ambao Mzee angeushika kwa mikono miwili asiuachie. Anajua kupima sukari, kufungua njia ya hewa, kuzalisha njiani. Mkataba haupo, kwa kuwa nafasi yake haimo kwenye orodha ya ajira. Ikitoka rufaa ya usiku, wanaoandikwa rasmi ni dereva na muuguzi aliyetolewa wodini, vilevile kama nilivyotolewa mimi.

Marekani EMT wa ngazi ya chini akitaka anasoma zaidi ya saa elfu moja nyingine akawa paramediki. Uingereza sasa wanadai shahada. Hapa kwetu Kitale binti ananiuliza akimaliza cheti asome nini kinachofuata na nani atamlipa kwa hicho, na ninamtajia uuguzi au ukliniki. Maana yake ninamwambia aiache barabara.

Tulikaa jikoni hadi usiku. Nilimkatia boksi la unga, akafunga mguu wangu kama Mzee alivyofunga, kisha bila kuambiwa akabonyeza ukucha wa kidole gumba. Akasema kwao wanaita kuangalia mzunguko wa damu, na uko kwenye mtihani. Halafu akanieleza habari za wakala wa Nairobi anayetafuta EMT wa kupeleka Ghuba, mkataba wa miaka miwili, nyumba na tiketi juu ya mwajiri. Tumesoma karatasi zile mara mbili tukitafuta mtego. Hatujauona. Baba yake anataka asaini. Mimi nimemwomba asubiri hadi bajeti ya kaunti itakaposomwa Juni, na nimeandikia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kuomba nafasi mbili za EMT kwa kila ambulensi, zenye mshahara na kiinua mgongo, na gari moja lilale Kiminini, karibu na mahali ajali zinapotokea.