Mchoraji Aliyetia Kazi Zake Motoni

Usiku wa kufunga mafungo, kabla hatujaanza mwaka wa kwanza wa falsafa, tuliwasha moto nyuma ya bwalo. Hakuna mlezi aliyetuagiza. Tulikubaliana wenyewe, vijana wa darasa moja, kwamba kila mmoja alete kitu kinachomrudisha nyuma, akitie motoni, kisha tuimbe. Wapo walioleta barua. Yupo aliyeleta jezi. Mwenzetu mmoja, ambaye tangu seminari ndogo tulimjua kwa mkono wake wa kuchora, alileta madaftari matatu ya michoro. Tulimpigia makofi kuliko wote. Tuliona kwamba huyo ndiye aliyetoa sadaka ya kweli.

Miaka miwili baadaye, paroko mmoja alikuja kuomba msaada. Waumini wa kigango chake walikuwa wamejenga kanisa, wamejikaza mpaka wakaezeka bati, lakini hawakuwa na fedha za kununua picha za Njia ya Msalaba. Gombera akamwita mwenzetu. Yeye akajibu kwa upole kwamba hachori tena, jambo hilo alishamtolea Mungu. Jioni ile alituita chumbani, akatuonyesha karatasi. Alikuwa amejaribu kuchora uso wa Bikira Maria, nao ukatoka kama kazi ya mtoto wa chekechea. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Ni katika siku hizo tulipokutana maktabani na maisha ya Fra Bartolomeo, mtawa Mdominikani ambaye wengi wetu hatukuwahi kumsikia.

Alizaliwa mwaka 1472, akakulia Florence, Italia. Watu walimwita Baccio della Porta, yaani Baccio wa Langoni, kwa kuwa nyumba yao ilikuwa karibu na lango la mji. Akajifunza uchoraji, akafungua karakana pamoja na rafiki yake Mariotto Albertinelli. Wakati huo mkuu wa konventi ya San Marco alikuwa Padre Girolamo Savonarola, mhubiri mkali aliyeutikisa mji mzima. Mwaka 1497, mkesha wa Jumatano ya Majivu, wafuasi wake waliwasha moto mkubwa katika uwanja wa mji, wakachoma vioo, karata, vinyago vya kanivali, vitabu na picha. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya wachoraji wa Italia, anasimulia kwamba Baccio naye alipeleka michoro yake ya miili isiyo na nguo, yote ikateketea.

Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Umati uliivamia San Marco kumtafuta Savonarola. Baccio alikuwa ndani, na kwa hofu aliweka ahadi kwamba akitoka salama atavaa kanzu ya Wadominikani. Tarehe 23 Mei 1498 Savonarola alinyongwa na mwili wake ukachomwa katika uwanja uleule uliowashwa moto wa picha. Mwaka 1500 Baccio akatimiza ahadi, akapokewa utawani katika mji wa Prato. Nyuma yake aliacha mchoro mkubwa wa ukutani wa Hukumu ya Mwisho ukiwa nusu. Albertinelli ndiye aliyeumalizia. Kwa takriban miaka minne Fra Bartolomeo hakushika brashi.

Tukifika hapo, tulitazamana. Huyu ni mwenzetu kabisa!

Lakini habari haiishii hapo. Konventi ya San Marco aliyoishi ilikuwa na kuta zilizochorwa na mtawa mwingine wa shirika hilohilo, Fra Angelico, miaka 60 hivi kabla yake. Akipanda ngazi kwenda kulala, Fra Bartolomeo alipokewa na picha ya Malaika akimpasha Maria habari. Mwaka 1504 wakubwa wake walimwomba arudi kuchora. Akatii. Kazi yake ya kwanza ilikuwa Maono ya Mtakatifu Bernardo, picha ambayo hadi leo ipo Florence. Akaongoza karakana ndani ya konventi, na malipo yakaenda kwa watawa wenzake. Raffaello, akiwa bado kijana, alifanya urafiki naye, wakafundishana. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwaka 1517.

Sisi tunaosoma falsafa tumeshafundishwa na Mtakatifu Tomaso wa Akwino, naye Mdominikani, kwamba neema haiji kubomoa maumbile aliyoyaumba Mungu, bali kuyakamilisha. Katika mtihani tuliliandika vizuri. Kwenye ule moto nyuma ya bwalo tulilisahau. Tulidhani kinachompendeza Mungu ni ukubwa wa kile kinachoungua. Tena tulimshangilia mtu kwa kuchoma kitu ambacho hakikuwa chetu, sisi tukibaki na vyetu.

Hatusemi kwamba Fra Bartolomeo alikosea kuacha. Huenda ile miaka minne ilimsaidia kuacha kuchora kwa ajili ya jina lake. Tunachokiona ni kwamba hakujiamulia peke yake kukizika kipaji moja kwa moja. Alikikabidhi, na aliporudishiwa kwa njia ya utii, hakukikataa kwa kisingizio kwamba alishakitoa. Kuacha kunaweza kuwa sadaka. Kupokea tena kile ulichokiacha, huku mkono umekuwa mzito na watu wanakutazama, nako ni sadaka, na pengine ndiyo ngumu zaidi.

Tulimpelekea mwenzetu kile kitabu. Alikisoma kimya, akaenda kwa baba yake wa kiroho, na juma lililofuata akabisha hodi kwa gombera. Sisi tukachanga kidogo kidogo, tukamnunulia rangi na mbao laini, kwa kuwa deni lile ni letu pia.

Mpaka tunaandika haya amemaliza vituo vitano kati ya kumi na vinne. Kituo cha kwanza si kizuri, na mwenyewe anakiri. Amekataa kukirudia. Anasema waumini wa kigango wakikitazama, kisha wakitazama cha tano, watajua kwamba aliyechora naye alikuwa njiani.